Deni la Ndoo ya Udongo

Kinyonga jike anayekaribia kutaga huacha kula. Panzi aliyekuwa akinaswa kwa ulimi kufumba na kufumbua sasa hupita mbele yake asiguswe. Yeye ambaye maisha yake ni ya juu, matawini, hushuka hadi sakafuni mwa kizimba, akazunguka pembe hadi pembe, akakwaruza, akaparamia wavu, akashuka tena. Ngozi nayo imegeuka: kijani kimekolea hadi kukaribia weusi, na juu yake yamejitokeza madoa ya njano na ya buluu ya feruzi. Tumbo limejaa pande zote mbili, na mwenye macho makali anaweza kuona vinundu vya mayai chini ya ngozi. Anachotafuta ni ardhi.

Katika nyumba ya ghorofa mjini Hamburg au Chicago, ardhi hiyo haipo. Chini ya kizimba kuna sinia la plastiki, au karatasi iliyotandikwa ili usafi uwe rahisi. Jike atatafuta leo, atatafuta kesho na keshokutwa. Asipopata mahali panapomridhisha, atayazuia mayai. Yakikaa mno tumboni nguvu humwishia, macho hudidimia, mchana hulala badala ya kukodoa, na mwisho hufa mayai yakiwa bado ndani yake. Madaktari wa wanyama wanaotibu reptilia wanaijua hali hii vizuri, kwa maana ni miongoni mwa mambo yanayowaua sana vinyonga majike wanaofugwa majumbani.

Kinga yake, mara nyingi, ni ndoo.

Ndoo ya kawaida, au beseni lenye kina cha sentimita 30 hivi na upana usiopungua huo, hujazwa mchanga uliooshwa ukachanganywa na udongo usiotiwa mbolea wala dawa, kisha hunyunyiziwa maji mpaka mtu akichomeka kidole na kukichomoa, tundu linabaki bila kuporomoka. Mchanga mkavu humfukia mchimbaji. Tope humkatisha tamaa. Wapo wanaopanda mche humo ndani, kwa kuwa jike hupenda kuanzia penye mizizi. Huingia kwa miguu ya mbele, akichimba njia ya mshazari, mara nyingi hadi aguse kitako cha ndoo. Kazi hiyo inaweza kuchukua siku nzima au zaidi, na giza likimkuta hulala humo humo shimoni. Akisharidhika hujigeuza, kichwa kikielekea mdomo wa shimo, akataga. Baada ya hapo hufukia kila kitu na kushindilia kwa miguu mpaka alama ya kuchimba ipotee.

Aina inayofugwa kwa wingi huko Ulaya na Marekani ni kinyonga wa Yemen mwenye kishungi kirefu kichwani, Chamaeleo calyptratus, ambaye asili yake ni milima na mabonde ya Yemen na kusini-magharibi mwa Saudi Arabia. Kuhusu huyu kuna jambo linalofanya ndoo ya udongo iwe suala zito la kufikiriwa. Jike wake hahitaji dume ili atunge mayai. Sawa na kuku wa mayai asiyewahi kumwona jogoo, kinyonga aliyekulia peke yake huanza kutunga mayai akiwa na umri wa miezi minne hadi sita, na anaweza kurudia mara mbili au tatu kwa mwaka: mayai 20, mayai 40, pengine zaidi ya 70 kwa mkupuo mmoja. Hayo hayataanguliwa kamwe. Mwenye nyumba atayafukua na kuyatupa. Hata hivyo mwili wa jike hudai shimo lenye kina, giza na unyevu, kana kwamba ukoo mzima wa vinyonga unategemea shimo hilo.

Je, haja isiyozaa matunda ni haja? Na mtu aliyemweka kiumbe kizimbani kwa kupenda kwake mwenyewe anawajibika kwayo, au wajibu wake unaishia kwenye chakula na maji? Dini zimekwisha kulipitia swali la namna hii, kwa njia ambazo wafugaji wengi hawazitarajii.

Hadithi ya mwanamke na paka inajulikana misikitini na madrasani kote kwenye pwani ya Afrika Mashariki. Imepokewa na Bukhari na Muslim: mwanamke aliadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia mpaka akafa. Wasimuliaji wengi huishia hapo, kwamba alimnyima chakula. Lakini hadithi ina sehemu mbili, na ya pili ndiyo inayofungua mlango. Mwanamke huyo hakumlisha wala hakumnywesha paka alipokuwa amemfungia. Na pia hakumwacha ajitafutie vijidudu vya ardhini. Hakuna panapotajwa kwamba alimpiga au alimchoma moto. Kabla ya mlango kufungwa, paka alikuwa na mwenye kumlisha, naye ni ardhi yenyewe pamoja na panya na wadudu wake. Mlango ulipofungwa, mwanamke alikata uhusiano huo, na hakuweka chochote mahali pake.

Ukiusoma hivyo, wajibu wa mfugaji hautokani na ukarimu wake. Unatokana na kitendo cha kufunga. Aliyefunga mlango amejitwika kazi ya ardhi. Kwa paka wa hadithi, kazi hiyo ilikuwa kutoa chakula. Kwa kinyonga jike ardhi ina kazi ya ziada, maana ndiyo inayompokea akiwa na mzigo. Anayemlisha panzi walionyunyiziwa unga wa kalsiamu kila siku lakini akamwacha juu ya sinia la plastiki amelipa nusu ya deni, na nusu iliyobaki inatosha kumuua.

Hii haina maana kwamba kufuga ni haramu. Hadithi nyingine, ya Abu Umayr, husomwa karibu na ile ya paka. Abu Umayr alikuwa mtoto mdogo, ndugu yake Anas bin Malik kwa mama, aliyekuwa na kindege akicheza naye. Kindege kikafa, na Mtume (S.A.W.) akawa anamliwaza mtoto kwa kumuuliza habari zake. Katika kisa hicho kifupi wanazuoni waliona ruhusa ya kumweka ndege kizimbani, mradi atunzwe. Ibn al-Qass, mwanachuoni wa Kishafi kutoka Tabaristan aliyefariki mwaka 335 Hijria, aliandika kijitabu kizima juu ya hadithi hii moja, akachambua ndani yake mafunzo zaidi ya 60. Inafaa kutulia kidogo hapa. Mtu mwenye elimu kubwa ya sheria aliketi akaandika kitabu kuhusu mtoto na kindege chake. Hakukiona kiumbe kile kuwa kidogo mno kwa fiqhi.

Wenzake katika madhehebu hayo hayo, ambayo ndiyo yaliyoenea pwani kuanzia Lamu hadi Kilwa na visiwa vya Komoro, waliliendeleza jambo hilo kwa makini. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277 na ambaye kitabu chake cha sheria, Minhaj, kimesomeshwa na mashekhe wengi wa pwani hiyo, aliwaweka wanyama katika mlango wa matunzo, mlango ule ule wa mke, watoto na wazazi. Mwenye mnyama akigoma kumlisha, hakimu humlazimisha alishe au auze. Nyumba yake ikibomoka, hakuna wa kumlazimisha aikarabati, kwa sababu nyumba haina roho. Wanazuoni hao walifika hadi kwa wadudu: mfuga nyuki asikombe asali yote, awaachie ya kuwatosha, na anayefuga viwavi wa hariri anawajibika kuwapatia majani ya mforsadi. Hapa kuna hoja nzito kuliko inavyoonekana. Kiwavi wa hariri haishi kwa majani yoyote, na sheria haikuridhika na kusema apewe chakula. Ilitaja jani. Iliona kwamba wajibu hauwezi kutimizwa bila kumjua kiumbe mwenyewe.

Izz al-Din ibn Abd al-Salam, mzaliwa wa Damascus aliyefariki Cairo mwaka 1262, alikwenda mbali zaidi. Aliorodhesha haki za wanyama juu ya binadamu: watumiwe pasipo kuzidiwa, walazwe mahali pazuri, wasichanganywe na wenzao wanaowaumiza, watoto wao wasichinjwe mbele ya macho yao, madume na majike wakutanishwe msimu wao unapofika. Na akaweka sharti linalogusa moja kwa moja mayai yasiyo na kifaranga: mnyama atunzwe hata akizeeka au akiugua kiasi cha kutokuwa na faida yoyote kwa mwenye naye. Haki yake haikupimwa kwa faida inayotoka kwake. Ilipimwa kwa haja yake, maadamu yu hai na yumo mikononi mwa mtu.

Ukiwa na kipimo hicho, swali la haja isiyozaa matunda linapata jibu. Kwamba mayai hayataanguliwa ni hesabu ya mwenye nyumba. Uzito ulio tumboni, mayai yaliyokwisha kupata ganda na hayana pa kutokea, misuli inayongoja dalili ya udongo ndipo ianze kusukuma, hayo yote ni ya jike, na yapo hata kama hakuna kinyonga mmoja atakayezaliwa.

Kuna pingamizi la kale, na lazima lijibiwe kwa heshima. Watasema: kinyonga hajui anachofanya. Anachimba kwa sababu ameumbwa achimbe, kama saa inavyogonga. Mwanafalsafa Descartes, katika kitabu chake cha mwaka 1637, aliwaona wanyama kuwa mashine zilizoundwa kwa ustadi, na kwa muda mrefu baada yake wasomi walifarijika kwa wazo hilo. Miaka karibu 2,000 kabla yake Aristotle alikuwa ameandika maelezo marefu ya kinyonga katika kitabu chake cha historia ya wanyama: macho yanayozunguka kila upande, rangi zinazogeuka, mwendo wa taratibu. Katika maelezo hayo ameeleza pia kwamba kinyonga aliyepasuliwa mwili mzima huendelea kupumua kwa muda. Yaani maelezo hayo mashuhuri yana ndani yake kinyonga aliyepasuliwa akiwa hai. Kujua sana habari za kiumbe, basi, si sawa na kumtendea haki, na elimu inayohitajika kwa ndoo ya udongo ni ya aina nyingine.

Musa bin Maimun, tabibu na mwanasheria wa Kiyahudi aliyefariki Misri mwaka 1204, alilijibu pingamizi la saa karne nyingi kabla ya Descartes kuzaliwa. Akizungumzia huruma ya mama mnyama kwa wanawe, alisema hisia hiyo haitokani na akili ya kufikiri. Inatokana na nguvu nyingine ya nafsi, ambayo wanyama wanayo kama binadamu walivyo nayo. Kwa hiyo kukosa akili hakumpunguzii mnyama maumivu yake. Hoja hiyo haijachakaa.

Aliye na shaka na atazame kuku. Kabla ya kutaga, tetea hutembea huku na huko akitoa sauti ya kipekee, huchungulia pembeni, chini ya uvungu, nyuma ya magunia, mpaka apate pa kujificha. Ufugaji wa viwandani ulimweka kwenye vizimba vya nyaya ambamo hakuna pa kujificha hata kidogo, na bado alitaga, kwa sababu yai la kuku halina budi kutoka. Lakini alitaga baada ya kuhangaika, akitembea pale pale bila pa kwenda. Konrad Lorenz, mtaalamu wa tabia za wanyama kutoka Austria aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973, aliona kwamba kumnyima kuku mahali pa faragha pa kutagia ndiyo mateso makubwa kuliko yote ya kizimba kile. Uingereza iliunda kamati ya kuchunguza ufugaji huo, na ripoti yake ya mwaka 1965 ndiyo iliyozaa mwongozo wa uhuru tano za wanyama, mmojawapo ukiwa uhuru wa kutenda yale ambayo ni tabia yake ya kawaida. Umoja wa Ulaya ukapiga marufuku vizimba vitupu kuanzia Januari 1, 2012; tangu hapo kizimba cha kuku lazima kiwe na kiota. Na sheria ya Uingereza ya mwaka 2006 kuhusu ustawi wa wanyama inamtaka kila mfugaji wa mnyama mwenye uti wa mgongo, kinyonga akiwamo, ahakikishe mnyama anapata mazingira yanayomfaa na anaweza kutenda yaliyo ya kawaida kwake. Sheria ya bunge la London na fiqhi ya Damascus zimekutana kwenye ndoo moja.

Tofauti kati ya kuku na kinyonga inastahili kutajwa wazi. Kuku akinyimwa kiota huhangaika na bado hutaga. Kinyonga akinyimwa udongo anaweza asitage kabisa, akafa. Kilicho mateso kwa mmoja ni hukumu ya kifo kwa mwingine.

Qurani, katika Sura ya Al-An'am aya ya 38, inawataja wanyama watambaao na ndege warukao kuwa ni jumuiya mfano wa wanadamu. Jumuiya hazifanani. Kinyonga mwenye pembe tatu wa nyanda za juu za Kenya, Trioceros jacksonii, hatagi: huzaa watoto hai, na ndoo ya udongo haimhusu. Kinyonga wa Madagascar anayependwa kwa rangi zake, Furcifer pardalis, hutaga na huchimba. Kinyonga wa kawaida wa mashamba na vichaka vya Tanzania na Kenya, Chamaeleo dilepis, naye hushuka mtini kuchimba udongo wenye unyevu, akaacha humo makumi ya mayai ambayo yatakaa miezi mingi kabla ya kupasuka. Mtu anayenunua jike bila kujua ni wa jumuiya gani amekwisha kukosea kabla hajalipa fedha. Elimu ni sehemu ya matunzo, na muuzaji anayelificha hilo ili kizimba kionekane chepesi kununua ana hatia pamoja na mnunuzi.

Hapa mtu mwadilifu atauliza swali la mbele zaidi: kwa nini awekwe kizimbani? Swali hilo lina uzito wa pekee Afrika Mashariki, kwa sababu vinyonga wengi walitoka hapa. Misitu ya Usambara, Uluguru na Udzungwa ina aina zisizopatikana popote pengine duniani, na kwa miaka mingi walikamatwa na kusafirishwa hadi maduka ya wanyama ya ng'ambo, mpaka Tanzania ilipopiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016. Mwaka 1972 vinyonga wa pembe tatu kutoka Kenya walipelekwa Hawaii kwa ajili ya kuuzwa. Walipofika wakiwa hoi waliachiwa bustanini wapate nguvu, wakatoweka vichakani, na leo ni wakazi wa visiwa vile. Kumkamata porini kiumbe anayeishi miaka michache tu, akasafirishwa ndani ya mfuko wa kitambaa akiwa na mayai tumboni, ni jambo gumu sana kulitetea mbele ya dini yoyote.

Na huku nyumbani hali yake haikuwa ya heri. Jamii nyingi za Kibantu zina kisa cha kinyonga aliyetumwa na Mungu awaletee watu habari kwamba hawatakufa. Akachelewa njiani, mjumbe mwingine akamtangulia na habari ya kifo. Wazulu humtaja mjusi kuwa ndiye aliyemtangulia. Kwingineko ni ndege. John Mbiti, mwanazuoni wa Kenya, alivitaja visa vya namna hii katika maandishi yake kuhusu dini za Kiafrika. Sehemu nyingi kinyonga bado huogopwa, hupigwa mawe, huchomwa. Na wakati ambao jike huonekana kwa urahisi ni pale anaposhuka chini kutafuta pa kuchimba. Watoto humkuta njiani akiyumbayumba na tumbo lake, na kinachofuata mara nyingi ni fimbo. Kwa hiyo kiumbe huyu ana shida moja katika nchi mbili: kule anafungiwa mbali na ardhi, huku anauawa akiwa njiani kuiendea. Swali la ndoo si la matajiri wa Ulaya peke yao.

Hata anayeamini kwamba asingefungiwa hana budi kukubali kwamba aliyekwisha kufungiwa bado anadai. Vinyonga wengi wa Yemen walioko majumbani leo walizaliwa vizimbani, na mama zao pia. Kumwachia huru Hamburg wakati wa baridi ni kumuua. Kumwachia Florida ni kuwaletea matatizo viumbe wa huko, ambako aina hiyo imekwisha kuenea. Huyu hana pori la kurudi. Ardhi yake yote ni ile atakayoletewa.

Wafugaji wazuri wamejifunza kwamba deni hili huanza kulipwa miezi kadhaa kabla ya ndoo. Jike anayelishwa mno, chini ya taa kali, hutunga mayai mengi kupita kiasi, kwa sababu mwili wake unasoma shibe na joto kuwa msimu mzuri wa kuzaa. Wanaompunguzia chakula akishapevuka, na kushusha joto la mahali anapoota hadi kama nyuzi 27 za Selsiasi, huona mayai yakipungua na afya ya jike ikidumu. Kalsiamu na taa ya mionzi ya urujuanimno ni lazima, kwani maganda hujengwa kwa madini yanayotoka mwilini mwake mwenyewe, na misuli isiyo na kalsiamu haina nguvu ya kusukuma. Kuna funzo chungu hapa kwa wapenda wanyama: mkono unaotoa panzi wa ziada kila jioni kwa mapenzi unaweza kuwa ndio unaomlemea. Na mambo yakiharibika, daktari anaweza kumdunga kalsiamu na dawa ya kuchochea uchungu, au kumpasua na kutoa mayai pamoja na mirija yake. Gharama ya upasuaji huo mara nyingi huzidi bei ya kumnunulia kinyonga mwingine, na ni pale ambapo maneno ya Izz al-Din kuhusu mnyama asiye na faida yanapimwa kwa pochi.

Kati ya yote yanayotakiwa, lililo gumu zaidi kwa binadamu wa leo halina gharama. Jike anayechimba akihisi anatazamwa huacha kazi. Anaweza kulitelekeza shimo alilolichimba nusu siku, akaanza jingine, au asianze tena. Kwa hiyo ndoo ikishawekwa, kizimba hufunikwa kwa kitambaa, mlango wa chumba hurudishwa, na mwenye nyumba huondoka. Aliyengoja kwa hamu kuliona tendo hili, mwenye simu tayari mkononi kwa kupiga picha, anatakiwa asilione. Anatoa mahali, kisha anajitoa mwenyewe. Jike hatajua nani aliyeleta udongo, hatashukuru, na hatamkaribia mtu huyo kwa upendo zaidi kesho yake. Kinyonga si kiumbe wa kubembelezwa. Waislamu huzungumza sana juu ya nia na sadaka ya siri, na Wakristo juu ya kutoa bila kupiga baragumu. Si rahisi kupata tendo dogo la nyumbani linaloyaweka mafundisho hayo kwenye jaribio kama hili, ambapo kujionyesha kidogo tu kunamdhuru anayepewa.

Inabaki habari ya mayai yenyewe pale ambapo dume alihusika. Mayai 50 yenye mbegu, yakikaa kwenye joto linalofaa kwa miezi sita hadi tisa, yanaweza kuwa vinyonga 50 ambao baada ya muda mfupi hugombana na kila mmoja atahitaji kizimba chake, taa yake na, kwa majike, ndoo yake. Wapo wafugaji wanaoamua kuyagandisha mayai mapema, kabla viinitete havijakua. Wapo wanaoona hilo ni dhambi. Torati ina sheria fupi inayokaribia jambo hili, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22: aliyekuta kiota cha ndege njiani, mama akiwa ameatamia, anaruhusiwa kuchukua mayai au makinda, lakini asimchukue mama pamoja nayo; amwache aende zake. Sheria hiyo haikudai kwamba kila yai lazima liwe ndege. Ilimtazama mama. Anayeyaondoa mayai mapema ili asijaze nyumba viumbe atakaoshindwa kuwatunza yuko karibu zaidi na sheria hiyo kuliko anayeyaangua yote, kisha akawagawa kwa yeyote atakayenyoosha mkono. Katika jambo hili, kumwandalia jike ndoo na kisha kuyazuia mayai yasianguliwe hakupingani: la kwanza ni haki ya aliyepo, la pili ni kutojitwika deni la wasiokuwapo bado.

Anapotoka shimoni jike huwa amekonda, ngozi imemlegea, kucha na kishungi vimejaa mchanga. Hunywa maji kwa muda mrefu. Kwa wiki kadhaa anahitaji chakula kizuri na kalsiamu kurudisha alichotoa, na katika miezi mitatu au minne mwili unaweza kuanza upya, dume awepo asiwepo. Ndiyo maana wenye uzoefu hawangoji dalili ndipo waandae udongo. Ndoo hukaa ndani ya kizimba mwaka mzima, ikinyunyiziwa maji kila inapoanza kukauka.